Chai ya kijani, manjano, shu: je, chakula kinaweza kufukuza virusi vya kansere?

Kwenye soko na kwenye telefoni habari inatembea: kuna unga na chai za mimea zinazofukuza virusi vinavyoleta kansere. Kuna ukweli ndani yake, lakini ni mdogo kuliko bei ya unga wenyewe. Ukweli mkubwa zaidi uko mahali ambapo wauzaji hawaonyeshi: ndani ya gunia la mahindi na la karanga.

Kansere inayoanza na mikrobe

Tukisikia neno kansere, wengi wetu tunafikiria tumbaku, vumbi la mgodi ao asidi ya usine. Si vibaya kufikiria vile. Lakini kuna kansere nyingi zinazoanza na mikrobe. Wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa kansere, lile la Lyon, Ufaransa, walipiga hesabu ya mwaka 2018: kansere mpya karibu milioni 2,2 duniani zilitoka kwa maambukizo, ni kusema karibu 13 kwa kila 100. Huku kwetu Afrika sehemu hiyo ni kubwa kuliko Ulaya.

Kati ya virusi, viwili vinaongoza. Cha kwanza ni kirusi cha papiloma, kinachopita kwa njia ya ngono: kansere 690 000 kwa mwaka ule mmoja. Ndicho kinacholeta kansere ya shingo ya kizazi kwa wamama, na aina zake mbili, ya 16 na ya 18, zinahusika na karibu 7 kwa kila 10 za kansere hiyo. Cha pili ni kirusi cha hepatiti B, kinachopita kwa damu, kwa ngono, na kutoka mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa: kansere 360 000, karibu zote za ini.

Vinafanya kazi namna gani? Kirusi cha papiloma kinaingia ndani ya seli na kutengeneza proteini mbili, E6 na E7. Hizo mbili zinakata freni za seli. Fikiria kamio lililojaa mawe linashuka kutoka juu ya mgodi, freni zimekatika: linaenda tu. Seli nayo inaendelea kuzaa seli zingine bila kusimama. Hepatiti B inaenda polepole zaidi. Inakaa ndani ya ini miaka 20, 30, ini linaumia, linajitengeneza, linaumia tena, mpaka siku moja seli zinaharibika kabisa. Muda huo wote mtu anaweza kushuka mu kishimo na kupanda bila kusikia kitu. Njo maana wengi wanasema: « Miye siko mugonjwa, niko napiga kazi kila siku. »

Kilichoonekana kwenye labo

Sasa tuje kwenye chakula. Habari za mimea hazikutoka hewani. Kuna watafiti wa kweli waliochukua vitu vilivyo ndani ya chakula, wakavimimina juu ya seli zenye virusi, na wakaona mambo.

Manjano, ile ambayo wengine wanaita kurkuma, iko na kitu kinachoitwa kurkumini, ndicho kinachoipa rangi. Ndani ya vyombo vya labo, kurkumini ilizimisha E6 na E7 kwenye seli za kansere ya shingo ya kizazi. Chai ya kijani iko na kitu kingine, kinaandikwa kwa kifupi EGCG, nacho kilipunguza nguvu ya seli zenye kirusi cha papiloma. Shu na mboga za jamaa yake zinatoa kitu kinachoitwa kwa kifupi DIM wakati tunazitafuna na kuzisaga tumboni. Nacho kilionyesha matumaini.

Chai ya kijani ilifika mbali kuliko zote. Mwaka 2006 Marekani ilikubali mafuta ya kupaka yaliyotengenezwa na majani ya chai hiyo, kwa kutibu vinundu vinavyoota sehemu za siri. Vinundu hivyo vinaletwa na kirusi cha papiloma. Kwa hiyo, ndiyo: kitu kilichotoka kwenye mmea wa kunywa kila siku kimekuwa dawa halali. Lakini tuangalie vizuri. Ni mafuta ya kupaka juu ya ngozi, yenye nguvu kubwa kuliko kilauri cha chai. Na vinundu vile, kwa kawaida, vinaletwa na aina ya 6 na ya 11, zisizoleta kansere ya shingo ya kizazi.

Wakati mwili unasema hapana

Basi watafiti walijiuliza: kama tukiwapa wamama wenye aina mbaya za kirusi vidonge vya chai ya kijani, kirusi kitatoka? Walijaribu Marekani. Wamama 98 waligawanywa: wamoja walipewa dondoo la chai kila siku kwa miezi 4, wengine kidonge kisicho na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Hakukuwa na tofauti kati ya makundi mawili.

Na ile DIM ya shu? Walijaribu kule Wales, Uingereza, wamama zaidi ya 500, kwa miezi 6. Matokeo ya mwaka 2012: kidonge cha DIM hakikuwasaidia kuliko kidonge kitupu.

Juu ya nini labo inasema ndiyo na mwili unasema hapana? Kwanza, ni kipimo. Ndani ya chombo cha labo, seli inaogelea ndani ya kurkumini. Ndani ya mwili, tumbo na ini vinavunja kurkumini haraka sana, na kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Pili, kirusi kinajificha. Hepatiti B inaweka mfano wake ndani kabisa ya seli ya ini, mahali ambapo hata dawa nzuri za hospitali hazifiki kirahisi. Tatu, kirusi cha papiloma kwa watu wengi kinatoka chenyewe baada ya mwaka mmoja ao miwili, kwa nguvu ya mwili. Mama akikunywa unga wa majani, na kirusi kikatoka, atasema ni unga. Njo maana wanaohakikisha dawa wanaweka siku zote kundi la pili lenye kidonge kitupu.

Hii haimaanishi kama shu, manjano na chai ni vibaya. Ni chakula kizuri, kuleni. Mboga na matunda vinasaidia mwili kwa njia nyingi. Wanywaji wa kahawa pia wameonekana, kwenye utafiti wa nchi nyingi, kuwa na kansere ya ini kidogo kuliko wasiokunywa. Lakini kula ni jambo moja, na kuponyesha ni jambo lingine.

« Ni ya mimea, haiwezi kuumiza »

Hilo neno tunalisikia kila mahali, na ni hatari. Mwaka 2018 shirika la Ulaya la usalama wa chakula lilisema kama dondoo la chai ya kijani likitoa EGCG ya miligramu 800 ao zaidi kwa siku, linaweza kuanza kuumiza ini. Chai ya kawaida ya nyumbani haina shida; ni vidonge na unga uliokazwa nguvu. Kwa manjano ni vile vile: Italia na Marekani, waganga wameona watu walioharibika ini baada ya kumeza vidonge vya manjano vyenye nguvu. Mtu mwenye hepatiti B, ini lake limekwisha kuchoka. Ukimuongezea unga usiojulikana, unaweka mzigo juu ya punda aliyelala.

Kuna pia mmea ambao watu wengi wanaupanda kama uzio: vijiti vya kijani, karibu bila majani, na ukivunja unatoa maziwa meupe yanayochoma macho. Wengine wanautumia kama dawa. Utomvu wake umeonekana kwenye labo kuamsha kirusi kingine, cha Epstein-Barr, kilicholala ndani ya watu karibu wote. Kirusi hicho kinahusika na kansere ya taya ya watoto ambayo munganga Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, Uganda. Hapo mmea hauzimi kirusi. Unakiamsha.

Chakula kinachokipa kirusi nguvu

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Kwa mtu wa Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, swali la chakula na virusi vya kansere halianzi na chai kutoka mbali. Linaanza na bukari na karanga.

Mwaka 1960, Uingereza, batamzinga zaidi ya 100 000 walikufa bila watu kujua sababu. Walitafuta, wakakuta chakula chao kilikuwa na karanga zilizosagwa zenye ukungu. Ukungu huo unatoa sumu, wakaiita aflatoksini. Inapenda joto na unyevu, na inaota juu ya mahindi, karanga, hata vipande vya muhogo visivyokauka vizuri. Haina harufu wala ladha ya kukujulisha. Na mbaya zaidi: kuchemsha hakuiui. Bukari ikipikwa mpaka ikaiva vizuri, sumu bado iko.

Ikiwa nyingi kwa mara moja, inaua haraka. Kenya, mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyooza ukungu, na 125 kati yao walikufa. Lakini ikiwa kidogo kidogo, kila siku, miaka na miaka, inaharibu seli za ini pole pole.

Mahali ambapo inakutana na hepatiti B, ndipo hesabu inatisha. Kule Shanghai, China, watafiti walifuata wanaume zaidi ya 18 000. Walipima mkojo na damu yao, halafu wakangoja kuona nani atapata kansere ya ini. Mwenye dalili ya aflatoksini peke yake, hatari yake ilikuwa karibu mara 3. Mwenye hepatiti B peke yake, mara 7. Mwenye vyote viwili: mara 59. Hesabu hii haiendi kwa kujumlisha, inaenda kwa kuzidisha. Ni sawa moto na petroli.

Na hapo chakula kina kazi kweli. Qidong, mji ulio karibu na Shanghai, kansere ya ini ilikuwa inaua watu wengi. Watu wake walikula mahindi. Kuanzia miaka ya 1980 walibadilisha, wakaanza kula mchele. Aflatoksini ndani ya damu yao ilishuka mpaka vipimo havikuiona tena. Na vifo vya kansere ya ini kwa watu wa chini ya miaka 35 vilipungua kwa zaidi ya nusu, wakati wengi wao hawakuwa wamepata chanjo ya hepatiti B. Kirusi kilikuwa bado kipo. Walikuwa wamekinyima petroli.

Mji huo huo walijaribu pia kitu kinachotokana na rangi ya kijani ya majani, kinaitwa klorofilini. Watu 180, miezi 4, kidonge mara tatu kwa siku pamoja na chakula. Alama ya uharibifu wa aflatoksini ndani ya mkojo ilishuka kwa 55 kwa kila 100. Klorofilini inashika sumu ndani ya tumbo kabla haijaingia kwenye damu. Haigusi kirusi. Na ilikuwa kidonge chenye kipimo. Hatuwezi kusema sahani ya sombe inafanya kazi sawa. Lakini angalau inaonyesha kama mboga za majani pembeni ya bukari si adui yetu.

Wanakijiji wa Guinée walionyesha njia

Mtu atasema: China ni mbali, na mchele iko bei. Sawa. Basi tuangalie Guinée, nchi ya Afrika inayosema Kifaransa kama sisi. Watafiti walichukua vijiji 20. Kwenye 10 waliwafundisha watu kazi ndogo ndogo za karanga: kuchambua kwa mikono na kutupa mbaya, kuanika juu ya mikeka na si juu ya udongo, kuhakikisha zimekauka kabisa, kuziweka ndani ya magunia ya nyuzi na si ya nailoni, na kuyapandisha magunia juu ya mbao. Vijiji 10 vingine viliendelea kama zamani. Miezi 5 baada ya mavuno walipima damu. Aflatoksini kwenye vijiji vilivyofundishwa ilikuwa chini ya nusu ya ile ya vijiji vingine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005. Hakukuwa na mashine, hakukuwa na kidonge.

Nyumbani kwetu wengi hatulimi, tunanunua. Mahindi mengine yanatoka Zambia, yanapita kwa kamio, yanakaa depo, halafu sokoni, halafu nyumbani chini ya mabati yenye joto. Wakati wa mvua ndiyo mbaya zaidi. Kwa mama wa nyumba, na kwa wamama wanaopika kwenye karieri, haya yanawezekana:

Nunua karanga nzima, chambua mwenyewe. Sumu inakusanyika ndani ya punje chache: zilizokunjamana, zenye rangi ya kijani ao nyeusi, zilizovunjika, zenye ukungu. Ukizitoa, umetoa sehemu kubwa ya sumu. Karanga zilizokwisha kusagwa, huwezi kujua kilichoingia ndani.

Mahindi yachambuliwe mbele ya kupeleka kwenye mashine. Yakikobolewa ni vizuri zaidi, kwa sababu sumu nyingi inakaa kwenye ganda na kwenye kiini.

Gunia lisiguse sementi wala udongo. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na usinunue unga wa miezi mingi kwa mara moja kama nyumba inavuja.

Mahindi yenye ukungu usiwape kuku ao mbuzi, wala usiyapeleke kwenye munkoyo. Sumu haiishi kwa kuchacha, na kwa mnyama inaweza kurudi ndani ya maziwa.

Badilisha sahani. Siku moja viazi, siku nyingine ndizi, muhogo mweupe uliokauka vizuri, mchele ikiwezekana. Mtu anayekula mahindi na karanga peke yake asubuhi mpaka mangaribi ndiye anayepokea sumu zaidi.

Na lutuku? Tuseme bila kuzunguka: pombe kali inaumiza ini lile lile. Mwenye hepatiti B anapaswa kuiacha.

Kirusi chenyewe, kinazuiwa na nini?

Kwa hepatiti B, jibu liko tangu zamani: chanjo. Taiwan ilianza kuwapa watoto wachanga mwaka 1984. Kabla ya chanjo, kwa watoto wa miaka 6 mpaka 14, kansere ya ini ilikuwa 0,70 kwa kila 100 000. Kati ya mwaka 1990 na 1994 ilikuwa 0,36. Ndiyo chanjo ya kwanza iliyoonyesha kama inaweza kuzuia kansere kwa binadamu. Hakuna unga wa sokoni wenye hesabu kama hiyo.

Hapa kwetu chanjo hiyo iko ndani ya ile sindano inayokusanya magonjwa matano, inayotolewa kwa mtoto akiwa na majuma 6, 10 na 14. Msikose hata moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza pia sindano ya kwanza ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Ulizeni kwenye materinite kama ipo. Sababu iko wazi: mtoto akishika kirusi wakati wa kuzaliwa, 9 kwa 10 wanabaki nacho maisha yote. Mtu mzima akikishika, chini ya 5 kwa 100 ndio wanabaki nacho.

Kwa mtu mzima kuna kipimo cha damu. Kwenye karatasi ya labo kinaandikwa « Ag HBs ». Kikitoka positifu, usikimbilie unga. Munganga ataangalia ini na, ikihitajika, atatoa tenofovir, dawa inayokandamiza kirusi na kupunguza hatari ya kansere. Mama mwenye mimba naye anaweza kuipata ili kumlinda mtoto. Na wachimbaji, jambo moja la kambi: wembe usizunguke. Wa ndevu, wa kichwa, wa kuchanja dawa mwilini, kila mtu awe na wake.

Kwa kirusi cha papiloma, chanjo ipo pia, kwa wasichana wadogo kabla hawajaanza mambo ya ngono. Ulizeni kituo cha afya kama imefika kwenye eneo lenu. Kwa wamama, kuna kitu kimoja cha jikoni kinachookoa kweli, na hakinywewi: vinegre. Muuguzi aliyefundishwa anapaka asidi yake nyepesi kwenye shingo ya kizazi, anangoja dakika moja hivi, sehemu iliyoharibika inageuka nyeupe, na inaweza kutibiwa mbele haijawa kansere. Mumbai, India, wamama 150 000 walihusishwa kwenye jaribio la njia hiyo, na vifo vilipungua kwa 31 kwa kila 100. Si kazi ya kujifanyia nyumbani, hapana. Lakini kwa mama mwenye miaka 30 na zaidi, ni swali la kuuliza safari ijayo kwenye kituo cha afya: « Hapa munafanya IVA? »

Kwa hiyo, baba, ukipata mshahara ao ukiuza mzigo, na mtu akakuletea unga wa franga nyingi anaosema unafukuza virusi vya kansere, kumbuka hesabu. Franga zile zinaweza kununua kipimo cha Ag HBs cha nyumba nzima, ao karanga nzuri za kuchambua, ao usafiri wa mama na mtoto mpaka kwenye chanjo ya juma la 14.